HEWA YA AKIBA: Ndege ya Bukoba, Meli ya Bukoba na Makosa Yanayolala Mpaka Siku Yenyewe

Najua hapa mmezoea stori za wasanii, nani kaachana na nani, nani kanunua gari kwa mkopo anajifanya kalipa keshi. Leo mniruhusu nitoke nje ya mstari. Majuzi nilipanda mtumbwi wa injini kutoka mwalo mmoja wa Muleba kwenda kisiwa cha Bumbire kumsalimia shangazi, na humo ndani kuna kitu nilikiona kikaninyima usingizi siku mbili. Nitakifikia mwishoni. Ili mnielewe inabidi kwanza turudi nyuma, tuongee ndege, halafu tuongee meli, halafu tuongee ndege tena.

Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022. Wa Bukoba mnajua Novemba kwetu ni mwezi gani: mvua, upepo wa ziwani, na senene. Asubuhi ile hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndege ya Precision Air, safari namba 494, aina ya ATR 42-500, ilikuwa inatoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, yaani abiria 39 na wafanyakazi 4. Saa 2 na dakika 53 hivi asubuhi, badala ya kugusa lami, ikaingia ziwani, karibu kabisa na uwanja. Watu 19 wakafariki, wakiwemo marubani wote wawili. 24 wakatoka hai.

Kwa asiyeufahamu uwanja wetu: uko mjini, na uko ziwani, vyote kwa pamoja. Ukisimama pale Nyamukazi kwa wavuvi, ndege ikija unaiona tumbo. Watoto wa kule wanajua ratiba za ndege kuliko watu wanaokata tiketi. Kwa hiyo ndege ilipozama, watu wa kwanza kufika hawakuwa na sare yoyote. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Kwa nini ndege iliingia majini, hiyo si mada yangu leo. Mimi nataka tuangalie dakika zilizofuata, baada ya ndege kutulia, pua chini na mkia juu.

Mliowahi kupanda ATR mnakumbuka kwamba abiria huingilia mlango wa nyuma. Siku ile ule mlango wa nyuma ndio ulikuwa bado unapumua. Kijana mmoja mvuvi, jina lake mnalijua na nchi nzima ililiimba, alipiga kasia mpaka pale na wenzake, na akasimulia kwamba walitumia kasia hilo kuufungua mlango. Baadaye watu walibishana sana mitandaoni, kwamba mlango ulifunguliwa na wa nje au ulifunguliwa na mhudumu wa ndani. Mimi sitaingia kwenye ubishi huo. Ninachojua ni kwamba mlango ulifunguka, watu wakatoka, na waliowapokea mikononi walikuwa wavuvi.

Kinachoniuma ni kule mbele. Mkuu wa mkoa wa wakati ule aliwaambia waandishi wa habari kwamba marubani walikuwa hai ndani ya chumba chao na walikuwa wanawasiliana nao. Yule kijana naye alisimulia kwamba alimwona rubani kupitia kioo, rubani akimwonyesha kwa ishara wapi pa kufungua. Walijaribu kwa kamba, na kamba ikakatika au ikachomoka, ikampiga yeye mwenyewe akazimia, akaamkia hospitali. Marubani hawakutoka hai.

Fikiria watu wawili wazima, nyuma ya kioo, wana hewa kiasi fulani. Sasa tunahesabu hewa.

Wiki chache baadaye vyombo vya habari, vya hapa na vya nje, viliripoti taarifa ya awali kuhusu ajali. Ndani yake kulikuwa na sentensi ambazo mimi nilizisoma mara tatu. Kwamba pengine watu zaidi wangepona kama uokoaji ungekuwa wa haraka. Kwamba boti ya polisi wanamaji ilipofika ilikuwa na shida ya mafuta. Kwamba mitungi ya wazamiaji haikuwa na oksijeni ya kutosha.

Mtungi wa oksijeni haukuwa na oksijeni ya kutosha. Ukiisoma haraka inapita kama habari nyingine tu. Ukiisoma polepole unajiuliza: hivi mtungi ulipungua lini? Maana haukupungua Jumapili ile. Ulipungua siku fulani ya kawaida kabisa, labda Jumatano, labda miezi miwili kabla, jua linawaka, watu wanakunywa chai, na hakuna aliyeona shida kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuwa anazama.

Hapo ndo kwenye mzizi wa mada yangu. Vitu vingine vyote kwenye chombo vinalalamika. Tairi likiisha linateleza. Injini ikichoka inakohoa, abiria wote wanasikia. Taa ikiungua unaona giza. Lakini kifaa cha dharura hakisemi chochote. Boya lililooza chini ya siti linafanana na boya zima. Mtungi mtupu umesimama wima sawasawa na uliojaa. Unaweza kusafiri nao miaka kumi na kila siku ukajiona uko salama. Kitu pekee kinachokuambia kuwa ni kizima ni karatasi yenye saini ya mtu aliyekikagua. Kwa hiyo siku ya ajali, uhai wako unategemea kama yule mtu wakati anasaini alikuwa amekiangalia kweli, au alikuwa anawahi daladala.

Kwenye ndege hili jambo lina utaratibu mkali kuliko mahali popote. Kila boya la ndege lina tarehe. Kile kichupa kidogo cha gesi kinachojaza boya upepo kinapimwa uzito, maana ukipungua uzito ujue gesi imevuja. Mitungi ya oksijeni, mitungi ya kuzimia moto, tochi za wahudumu, vyote vina tarehe na vina daftari. Na bado binadamu anakosea. Sitanii, kisa kikubwa kuliko vyote cha kosa la namna hii kilitokea siku kumi tu kabla ya msiba mkubwa kuliko yote katika mkoa wetu. Mwaka ule ule. Mwezi ule ule.

Mwaka 1996 mimi sikuwa hata wazo. Mei 11, Jumamosi, huko Miami, Marekani, ndege ya kampuni ya ValuJet, safari namba 592, iliruka kwenda Atlanta na watu 110. Kama dakika 10 baadaye ikaanguka kwenye kinamasi kinachoitwa Everglades. Hakuna aliyepona. Na kilichoiangusha kilikuwa kifaa cha kuokoa watu.

Ngoja niwaeleze taratibu kwa sababu hiki kisa kila hatua yake ni somo. Mnajua zile barakoa za oksijeni ambazo wahudumu wanaonyesha kabla ya kuruka, wanasema zitashuka zenyewe kutoka juu? Kwenye ndege nyingi ile oksijeni haitoki kwenye mtungi mkubwa. Juu ya kichwa chako kuna kopo la chuma, dogo, la kushika mkononi. Ndani yake kuna kemikali. Ukivuta barakoa, uzi unachomoa pini, pini inagonga kama kiberiti, kemikali inaanza kuungua na kutoa oksijeni. Ni akili kubwa. Ila lile kopo likianza kazi linapata moto kupita nyuzi 200 za Selsiasi, na ukishaliwasha huwezi kulizima. Kule juu ya dari lilikojengewa mahali pake, joto hilo halimdhuru mtu.

Sasa, makopo haya yana muda wake, kama maziwa ya pakiti. Karakana moja pale Miami iliyoitwa SabreTech ilikuwa inazihudumia ndege za ValuJet, na kazi moja ilikuwa kutoa makopo yaliyopitisha muda na kuweka mapya. Maelekezo ya kazi yalisema wazi: ukitoa kopo la zamani ambalo halijatumika, livishe kofia ndogo ya plastiki juu ya pini, ili hata likigongwa lisiwake. Ni kofia ya bei ya chini kabisa, kitu cha senti.

Karakana haikuwa na hizo kofia.

Sasa wewe fundi ungefanyaje? Kazi ina tarehe ya mwisho, ndege inasubiriwa, bosi anapita anauliza mmefikia wapi. Mafundi wakazungushia nyuzi, wengine wakazikata, wakayaweka makopo kwenye maboksi ya karatasi. Kisha kwenye karatasi ya kazi, ile yenye mstari unaosema makopo yamevishwa kofia, ikawekwa saini. Fundi mmoja alieleza baadaye kwamba alijua kofia hazipo na alisema, akajibiwa hazipo stoo.

Maboksi yakakaa sakafuni. Baadaye ikaja amri ya kusafisha eneo kwa sababu mteja mpya anakuja kukagua. (Hapa nacheka kwa uchungu, maana shuleni kwetu mkaguzi akija ndo tulikuwa tunadeki.) Karani wa mizigo akaambiwa ayaondoe. Akaona kadi za kijani zilizofungwa kwenye makopo, akaona yameandikwa muda umeisha, akaelewa yeye kwamba makopo ni matupu. Akayapanga, akayafunika na plastiki ya viputo, na kwenye hati ya mzigo yakaandikwa kwamba ni makopo ya oksijeni, matupu. Yakapakiwa kwenye ndege ya abiria, zaidi ya 100, pamoja na matairi.

Hapo linakuja jambo ambalo mimi kila nikilisoma mwili unasisimka. Buti la mizigo la ndege ile halikuwa na king'ora cha moshi wala cha kuzima moto. Wataalamu walilijenga lifunge hewa kabisa, kwa hesabu kwamba moto ukitokea humo utamaliza hewa iliyomo na kufa wenyewe. Hesabu nzuri. Isipokuwa mzigo wa siku ile ulikuwa unatengeneza oksijeni yake mwenyewe. Moto ulikuwa na chakula chake mfukoni.

Hakuna mtu hata mmoja kwenye mnyororo ule aliyekusudia kuua. Fundi, msimamizi, aliyesaini, karani, mpakiaji, kila mmoja alikosea kitu cha ukubwa wa kofia ya chupa ya soda. Baadaye kampuni ilishitakiwa, wafanyakazi wawili wakafikishwa mahakamani na baraza la wazee likawaona hawana hatia. Fundi mwingine alikimbia kabla ya kesi, na miaka zaidi ya 20 baadaye FBI walikuwa bado wanatangaza zawadi kwa atakayesema alipo. Serikali ya Marekani nayo ikaja kuamuru mabuti ya namna ile yawekwe vitambua moshi na mitambo ya kuzima moto. Baada ya watu 110.

Hiyo ilikuwa Mei 11.

Mei 21, Jumanne asubuhi, MV Bukoba ikazama ikiwa imekaribia Mwanza.

Hapa najua nimegusa kidonda. Kagera nzima, Bukoba mpaka Muleba mpaka Ngara, sijawahi kukutana na familia isiyo na jina la mtu wa meli ile, au la mtu aliyepaswa kupanda akachelewa. Huyu shangazi niliyekuwa naenda kumwona ni mmoja wa waliochelewa. Alikuwa na ndizi zake za kupeleka Mwanza, gari lililobeba mikungu likaharibika njiani, akafika Kemondo meli imeshaondoka. Akalia sana usiku ule kwa ajili ya ndizi. Mpaka leo hapendi kuisimulia, ukimwuliza anasema tu "waitu, tule."

Meli ilisajiliwa kubeba abiria 430. Waliofariki kwa hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu 894. Tume ya Jaji Robert Kisanga ilichunguza, yakasemwa mengi kuhusu kujaza watu na kuhusu uthabiti wa meli yenyewe, ambao ulikuwa na shida inayojulikana kwa muda. Siyarudii. Nataka dakika moja tu ya ile siku.

Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilikaa juu chini, tumbo juu, kwa muda. Na ndani kulikuwa na watu hai. Waliokuwa nje waliwasikia wakigonga chuma. Waliishi vipi humo? Kwa hewa iliyonaswa chini ya tumbo la meli, kama ukichukua bilauri ukaigeuza na kuikandamiza kwenye ndoo ya maji. Hewa ile ilikuwa inafanya kazi mbili: inawapumzisha watu, na inaiinua meli isizame. Waokoaji, kwa nia njema, kwa uchungu wa kusikia ndugu zao wakigonga, wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa ikatoka kwenye tundu. Maji yakapanda. Meli ikazama na walioigonga.

Nimewahi kuwasikia watu wanawalaani wale waliotoboa. Mimi siwezi. Ukisikia mtu anagonga ndani ya chuma na wewe una kifaa cha kukata chuma mkononi, utafanya nini? Walichokosa si huruma. Walikosa mtu mmoja wa kusema subirini, hii hewa ndiyo inayowabeba, leteni kwanza wazamiaji waingilie chini. Na wazamiaji wenye vifaa walitoka mbali, mpaka Afrika Kusini, na kazi waliyoikuta ilikuwa ya kutoa miili.

Kama unadhani hewa ya namna ile haiwezi kumweka mtu, kumbuka MV Nyerere, Septemba 20, 2018, pale Ukara. Kivuko cha watu 101, wakafa zaidi ya 220. Siku mbili baadaye, wakati wengi wameshakata tamaa, fundi wa kivuko akatolewa hai ndani ya chumba alichojifungia. Alikuwa amekaa kwenye hewa ya kwenye kona. Siku mbili.

Mwaka huo huo wa 1996 haukuwa umemaliza na sisi. Novemba 23, ndege ya Ethiopia, safari namba 961, iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi, ilitekwa na vijana watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakumwamini. Mafuta yakaisha, akaishusha baharini karibu na ufukwe wa Ngazidja, Komoro, watalii wanaona. Walikuwemo watu 175, wakafa 125. Na wengi kati yao hawakuuawa na kishindo. Walikuwa wamevaa maboya na wameshayajaza upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, boya likafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, likawainua, likawabana kwenye dari ya ndege, wasiweze kuzama kidogo kuufuata mlango. Ndo maana mhudumu anakuambia ujaze ukishatoka nje. Huwa tunamwona anapoteza muda wetu tunataka kurekodi video ya mawingu.

Najua hilo la Komoro ni kosa la kutumia, si la kutunza. Nimeliweka kwa sababu kifaa kizima mikononi mwa mtu asiyefundishwa hakina tofauti kubwa na kibovu.

Kimoja tena cha ndege halafu nirudi Muleba. Agosti 14, 2005, ndege ya Helios ya Kupro, safari namba 522. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilirudi na malalamiko kwamba mlango mmoja wa nyuma unatoa sauti. Fundi akaupima kama unavuja hewa. Ili kupima, alizungusha swichi ya kudhibiti hewa ya ndani kutoka kwenye kujiendesha yenyewe kwenda kwenye mkono. Akapima, akaona sawa. Swichi ikabaki kwenye mkono.

Asubuhi marubani wakapita kwenye orodha yao ya ukaguzi wasiione. Ndege ikapanda, hewa ya ndani ikawa inapungua. King'ora kikalia, wakakielewa vibaya, maana mlio ule ule unatumika pia kwa onyo jingine la ndege ikiwa bado chini. Barakoa za abiria zikashuka kama zilivyopangwa, yale makopo ya kemikali yakawaka kama yalivyopangwa, yakatoa oksijeni ya dakika 12 hivi. Yalitunzwa vizuri, hayakuwa na kosa. Ila ndege ilizunguka angani karibu saa tatu huku marubani wamezimia. Ndege mbili za jeshi la Ugiriki zikaifuata, zikamwona kwa kioo mtu mmoja anaingia chumba cha rubani: mhudumu wa kiume aliyewahi kusomea urubani, aliyekuwa bado anapumua kwa mtungi wa mkononi. Alichelewa kufika, mafuta yalikuwa yanaisha. Watu 121.

Swichi moja. Fundi hakuvunja kitu, hakuiba kitu. Alifanya kazi aliyotumwa na akasahau kurudisha mkono pale ulipokuwa.

Wenzetu wa anga baada ya visa kama hivi walijifunza kitu ambacho huku ardhini bado tunakiona cha ajabu, kwamba fundi aruhusiwe kusema "nimekosea" bila kufukuzwa kazi hapo hapo. Maana fundi wa Miami aliyejua kofia hazipo, na akaona kusema hakumsaidii, alisaini. Mtu akiogopa, anasaini. Nimefanya kibarua gereji moja miezi minne baada ya kumaliza kidato cha nne, najua ninachosema. Kuna gari la abiria lilitoka pale na mtungi wa kuzimia moto ambao mshale wake ulikuwa kwenye nyekundu, tukafuta vumbi ili ung'ae mbele ya ukaguzi. Nilishika kitambaa mimi. Nilikuwa na miaka 18 na sikusema neno.

Sasa Bumbire.

Tulipakia asubuhi, mtumbwi umejaa kama kawaida, magunia ya mihogo, kreti za soda, magodoro, mama mmoja na kuku wake. Maboya yalikuwepo. Tena mengi, ya rangi ya chungwa, nikafurahi. Yalikuwa yamefungwa pamoja kwa kamba ya nailoni, fungu moja, na kukandamizwa mbele chini ya magunia. Nikamwuliza nahodha, kaka, mbona hamtugawii? Akanijibu bila ubaya wowote kwamba wakigawa abiria wanayakalia yanachafuka, na wengine wanashuka nayo. "Yapo bwana, si unayaona? Wakija kukagua wanayakuta."

Wakija kukagua wanayakuta. Nikakumbuka kile kitambaa changu cha gereji.

Nikamwomba nichukue moja. Fundo la kamba lilikuwa limekaza kwa maji na jua, nikatumia meno. Dakika nyingi, wadau, sikuhesabu, lakini tulikuwa tumeshatoka ufukweni nyumba zinaonekana ndogo. La kwanza nililochomoa, mkanda wa kufungia kiunoni haupo. La pili, sifongo ya ndani imekuwa unga, ukiibonyeza inabaki imebonyea. La tatu lilikuwa zima.

Nikalivaa. Vijana wa nyuma wakacheka, mmoja akasema huyu nshomile anaogopa maji ya kwao. Nami nikacheka. Yule mama mwenye kuku hakucheka. Aliniangalia nikifunga mkanda, akayaangalia yale mawili niliyoyatupa pembeni, kisha akasogea karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kihaya, kama chini ya yale magunia kuna jingine zima.

Tukaanza kufungua pamoja.